Kanga, kitenge au kaniki: nguo ya kusimama nayo mbele za watu

Swali liliingia nyumbani kwangu mwezi uliopita na mpaka leo halijatoka. Binti wa kaka yangu anaolewa hapa Bagamoyo, mchumba ni kijana wa Moshi, na mimi shangazi mtu ndiye fundi. Upande wa mume wameshasema sare iwe kitenge. Mama yangu, bibi yake mwali, kasema mtoto wa Kiswahili haolewi bila kanga, na akishasema hivyo huwa amemaliza. Mwali mwenyewe, aliyesoma sanaa hapahapa mjini, alikuja jioni moja akakaa kigodani karibu na cherehani yangu, akasubiri wateja waondoke, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Shangazi, mimi siku yangu nataka kaniki."

Niliondoa mguu kwenye pedali.

Nguo tatu, zote za pamba, zote tunaziita zetu. Lakini kila moja imepita njia yake mpaka kufika hapa, na kila moja inasema jambo tofauti juu ya anayeivaa: katoka wapi, ni wa nani, anataka watu wamchukulieje. Familia nyingi zinagombana juu ya sare na hazijui kwamba kinachogombewa ni hicho. Nimeona nizilinganishe kama ninavyozijua, kwa mkono na kwa historia, ili na wewe mwenye shughuli mbele yako upate pa kuanzia.

Kaniki

Naanza na hii kwa sababu ndiyo iliyozua zogo. Mama aliposikia aliuliza, "Mnamwoza mtoto au mnamwagua?" Ana sababu. Kwetu kaniki, bafta na bendera, yaani nguo nyeusi, nyeupe na nyekundu, ni nguo za kilingeni. Kaniki ni ya mwenye pepo, ya msiba, ya kwenda nayo shamba. Siku ya furaha hubaki sandukuni.

Ila chini ya hilo la uganga lipo jingine ambalo wazee hawapendi kulitaja: kaniki ilikuwa nguo ya mtumwa.

Ili kulielewa inabidi urudi kwa mama yake, merikani. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Unguja. Baada ya hapo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wanaleta shehena ya nguo nyeupe, nzito, isiyopaushwa, na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Watu wa pwani wakaipa nguo ile jina la kwao, merikani. Ikichovywa nili mpaka ikawa bluu ya kukaribia weusi, inakuwa kaniki. Nyingine ilikuja kutoka India ikiwa imekwisha kuchovywa.

Sasa tazama Bagamoyo ilikuwa nini katika biashara hiyo. Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilifungasha hapa, na njiani hapakuwa na sarafu. Nguo ndiyo ilikuwa fedha. Kipimo chake kilikuwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Richard Burton, aliyeanza safari yake ya bara hapo Kaole mwaka 1857, aliandika hesabu hiyo. Stanley naye, alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alibebesha wapagazi marobota ya merikani na kaniki pamoja na shanga na waya. Leo mteja akisimama mlangoni kwangu akasema "nataka doti mbili", anatumia jina la kipimo kilekile cha msafara, na huenda hajapata kuambiwa.

Na ile pamba yenyewe? Ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa, watu waliochukuliwa Afrika na watoto wa watoto wao. Ikafumwa kaskazini, ikapakiwa merikebuni, ikashushwa Unguja, ikavushwa mpaka huku, ikafungwa mwilini mwa mtu mwingine aliyekuwa mtumwa pia. Nikiwa nimeishika naliwaza hilo kila mara, na bado sijalizoea. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861 shehena ilikatika, na viwanda vya Uingereza, baadaye vya Bombay, vikashika soko. Nguo ikabadilika asili, jina likabaki merikani.

Zamani zile ulikuwa humuulizi mtu cheo chake, unamtazama. Mwungwana alivaa kanzu, kofia na viatu. Mtumwa alikwenda peku, na mbele ya bwana wake hakufunika kichwa. Mjakazi alijifunga kipande kimoja cha merikani au kaniki chini ya kwapa, mabega wazi, wakati bibi wa nyumba kubwa, hasa ile yenye nasaba ya Uarabuni, akitoka anatoka na barakoa usoni. Rangi ya mwili, ukoo na kitambaa vilisomwa kwa pamoja, na mtu akikosea kumsoma mwenzake inaweza kuwa tusi. Hata wapagazi walilijua hilo. Msafara ukikaribia mji walivaa nguo zao bora kuliko zote kabla ya kuingia, ili wasionekane watu wa kutumwa tu.

Mama yangu ana miaka 80 na kitu, na amelelewa na bibi yake. Bibi yule hakupata kusema alikuwa mtu wa nani kabla ya uhuru wake, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mama anachokikumbuka ni mlango. Bibi alikwenda shamba na kaniki. Akirudi, kabla ya kuvuka kizingiti, anasimama ubavuni mwa nyumba, anaifungua ile kaniki, anajifunga kanga iliyokuwa imetundikwa msumarini ikimngoja, ndipo anaingia. Hata mvua ikinyesha. Hata kama ndani hamna mtu. Kaniki ililala nje.

Kwa hiyo binti aliponiambia anataka kaniki nilijua anaomba nini, na nilijua mama atasikia nini.

Kwa upande wa ushonaji, kaniki ni nguo ya kuheshimiwa. Inamwagika vizuri mwilini, haina mji, yaani mchoro wa katikati kama wa kanga, wala pindo la kukufunga mikono, unakata upendavyo. Ukiishona gauni refu la mikono mirefu na kuweka uzi mweupe au mwekundu shingoni, inakuwa na utulivu ambao nguo ya maua haina. Ubaya wake ni rangi. Kaniki mpya inachuja: niliwahi kuikata asubuhi na mpaka mchana viganja vyangu vilikuwa na bluu mpaka kwenye mistari, na kipande cha bafta kilichokuwa mezani kikaharibika chote. Iloweke kwenye maji, ifue peke yake mara tatu au nne, wala usiivalie nguo nyeupe ndani mpaka uhakikishe maji yanatoka safi.

Kanga

Kanga iliingia kwenye mji ambao tayari ulikuwa ukisomana kwa nguo, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo utukufu wake.

Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso, vile vitambaa vya mkononi ambavyo jina lake limetokana na Kireno, zikiwa bado hazijakatwa. Wakachukua sita, tatu juu na tatu chini, wakazishona ziwe nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona soko lipo, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima nzima. Za mwanzo zilikuwa na madoa meupe kama manyoya ya kanga, yule ndege, na jina likaganda. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887, na alama ya "Mali ya Abdulla" bado wengine tunaitafuta pembeni mwa kanga.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897. Huku bara ilichelewa zaidi. Wajerumani hawakuufuta, walichotangaza ni kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Waingereza ndio walioufuta kwa sheria mwaka 1922. Katika miaka hiyo yote ya kungoja, mwanamke aliyetoka utumwani alikuwa na njia moja ya kujitangaza ambayo haikuhitaji hakimu. Alikwenda dukani, akanunua doti, akajifunga kanga moja na ya pili akajitanda kichwani. Kichwa kilekile alichokuwa hana ruhusa ya kukifunika. Akipita barabarani anasomwa upya: huyu ni Mswahili, ana jina, ana kwao.

Ukitaka kuona kizazi kile kilivyojipa majina mapya, mtazame Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, wazazi wake wakiwa watumwa, na jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alianza kwa kuuza vyungu. Mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodi nyimbo kwa Kiswahili, na dunia inamjua kwa jina Siti, jina la bibi mwenye heshima. Wanawake waliobadilisha kaniki kwa kanga walikuwa wakifanya jambo hilohilo kwa kitambaa.

Ndiyo maana mama hatanii. Kwake kanga ni hati.

Kisha kuna jina. Kanga ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye herufi hizi tunazosomea. Hakuna nguo nyingine kati ya hizi tatu inayozungumza kwa maneno, na hapo ndipo kamati nyingi zinapoumia. Ukinunua kanga za sare, soma. Niliwahi kushona sare ya familia moja walionunua kwa kuangalia rangi tu, njano nzuri ya kupendeza, na jina lilikuwa "Hasidi hana sababu". Siku ya shughuli mama mkwe aliisoma mgongoni mwa mkwe wake mtarajiwa, na mpaka leo wale watu hawajakaa vizuri. Kwa harusi tafuta kama "Leo ni siku ya shangwe na vigelegele" au "Mkipendana mambo huwa sawa". Kwa kumtunza mzazi kuna "Wazazi ni dhahabu kuwatunza ni thawabu". Kwa jirani aliyekufaa wakati wa taabu, "Majirani huzikana" inamliza mtu mzima.

Kwa bibi harusi mwenyewe kuna kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, chapa ya zamani ambayo mara nyingi haina jina. Haihitaji. Kila mwanamke wa pwani akiiona anajua kinachoendelea. Nikiambiwa nichague nguo moja tu kuanzia Lamu mpaka Ngazija inayomwambia binti kwamba waliomtangulia wamekwisha kupita hapa, nachagua kisutu bila kusita.

Ushonaji wake una masharti. Kanga ni nyepesi, kipande kimoja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na michoro yake ina mwanzo na mwisho. Fundi asiyejua atakata katikati ya mji, jina likatokee kwapani. Mimi huitandika kanga mezani kabla ya kugusa mkasi, naweka pindo liangukie upindo wa chini wa gauni, mji ukae kifuani au mgongoni, na jina lisomeke lote au lisionekane kabisa. Kwa gauni la mtu mnene hesabu doti mbili. Na ujue kanga mpya inadanganya: ule ugumu ni wanga wa kiwandani. Ishike kwenye mwanga, uone nyuzi zimekaribiana au zina mianya. Ikishafuliwa mara moja, yenye mianya inakuwa kama chandarua, na binti wa watu atahitaji shimizi.

Kitenge

Kitenge ndicho wengi wanachokiita "vazi la Kiafrika", na ndicho ambacho asili yake iko mbali.

Mwaka juzi alikuja kwangu mama mmoja, Mmarekani mweusi, mtu wa makamo. Alikuwa ametoka Misheni, kule Mapadre wa Roho Mtakatifu walikojenga tangu 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Macho yake yalikuwa mekundu. Kijana aliyemleta akatafsiri: anataka nguo ya mababu zake, ashonewe gauni avae kanisani kwao. Nikamtolea kitenge kizuri nilichokuwa nacho, cha yadi 6. Akakifungua taratibu, akafika kwenye ukingo, akasoma maandishi madogo yaliyochapwa pale. Uholanzi. Akainua uso akanitazama kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Ndivyo ilivyo. Michoro ya nta inatokana na batiki ya Java. Waholanzi walipoitawala Java waliiga batiki kwa mashine wakitumai kuwauzia Wajava wenyewe. Kiwanda cha Helmond kinachoitwa leo Vlisco kilianza mwaka 1846. Wajava hawakuvutiwa na nguo zile za mashine, na ile mikwaruzo ya nta iliyopasuka waliiona kasoro. Afrika Magharibi wakaipenda mikwaruzo hiyohiyo, wakaipa michoro majina yao, wakaifanya nguo ya heshima. Hata ile chapa ya dashiki waliyoivaa Wamarekani weusi kutangaza Uafrika wao ilichorwa Uholanzi mapema miaka ya 1960. Na sisi huku mpaka leo tunamuuliza muuza duka, "Una java?" hatukumbuki kwamba tunataja kisiwa.

Sijamweleza yule mama haya ili kukishusha kitenge. Nilimwambia kwamba nguo hufuata aliyeipenda, na kwamba watu wenye ngozi kama yake ndio waliokipa kitenge maana yote kiliyonayo. Kisha nikamwonyesha kaniki, nikamweleza habari ya merikani na pamba. Alikaa kimya muda mrefu. Aliondoka na vyote viwili.

Kwetu Tanzania kitenge kilipata nguvu baada ya uhuru. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na nguo ya kuvaliwa na taifa ikawa inachapwa nyumbani. Mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku sketi fupi, wigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua ngozi. Mama alikuwa Dar kwa dada yake wakati ule. Anakumbuka usiku mzima wa kushusha mapindo ya sketi. Kuhusu krimu anasema walikuwa sahihi. Kuhusu sketi anasema vijana wa kiume walipewa nafasi ya kuwadhalilisha mabinti barabarani, na hajawahi kuwasamehe. Kipindi hichohicho Wamasai walikuwa wakilazimishwa kuacha lubega zao na kuvaa suruali, kwa sababu uchi wa Kiafrika nao ulionekana aibu. Kwa hiyo mtu akikwambia kuna vazi moja la Kiafrika lililo safi tangu mwanzo, muulize ni la mwaka gani na nani aliamua.

Kitenge kina faida moja kubwa kwa harusi ya makabila mawili: si cha mtu. Mchaga hawezi kumwambia Mzaramo kwamba ni chake, wala Mkwere hawezi kumwambia Mpare. Wote wanaingia wakiwa wageni sawa. Kwa upande wa mkwe wetu wa Moshi hilo si dogo, maana kanga ingewafanya wajione wamevalishwa za kwetu.

Na kwa fundi ni raha. Ni kizito, kinashika mshono, ukitaka mikono ya puto, peplamu au kofia ya kichwani, kinasimama. Jihadhari na cha bandia. Cha nta halisi kina rangi sawa mbele na nyuma. Geuza, ukiona nyuma pamefifia kimechapwa upande mmoja. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome kwa kiberiti: pamba inaungua ikawa majivu na kunuka kama karatasi, poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Kwa joto la Bagamoyo, poliesta kwenye ukumbi wenye watu mia tatu ni adhabu.

Nyingine, kwa ufupi

Dera, lenye asili ya Usomali, ni la kukaa nalo nyumbani na kwenda shughuli za wanawake. Halisemi mengi juu yako na siku nyingine mtu anahitaji nguo isiyosema. Baibui lina historia yake ndefu ya kupanda kutoka nguo ya wachache mpaka ya wote, lakini linavaliwa juu ya nguo, kwa hiyo haliingii kwenye mashindano haya. Wanaume hawana shida: kanzu na kofia kwa akdi, na kama upande wa pili ni Wakristo, shati la kitenge linatosha kuwaonyesha mko pamoja.

Nilivyoamua

Kama shughuli yako ni ya nyumbani, ya wanawake, yenye kumtunza mama na kumtoa mwali, chukua kanga. Mila yetu yenyewe inaita zawadi za wazazi kwa majina ya nguo, kilemba cha baba na mkaja wa mama, hata kama siku hizi hulipwa kwa fedha. Mama akipewa bahasha tu bila doti juu yake, nasikia kuna kitu kimepungua.

Kama ni ukumbini, watu wametoka mikoa tofauti, picha nyingi na gauni la kushonwa kwa mitindo, chukua kitenge, na usione haya kwamba kimezaliwa kwingine.

Kaniki ichukue ukiwa na jambo la kusema na una ujasiri wa kulieleza. Usiivae kwa kuwa nyeusi inapendeza. Mtu atakuuliza, na kama huna jibu utakuwa umeivaa bure na kuwaumiza wazee juu yake.

Kwa binti yetu nimepanga hivi. Akdi atavaa kisutu. Ukumbini sare ni kitenge kama walivyotaka wakwe, cha bluu na njano, nimekwisha kukichoma uzi na ni pamba. Kaniki nimemshonea gauni la moja kwa moja, halina pambo, na atalivaa Alhamisi kabla ya harusi, siku tutakapokwenda kuzuru makaburi. Atasimama nalo mbele ya kaburi la yule bibi. Alinieleza mwenyewe sababu, akilia kidogo: "Alikuwa akiivua kila siku ili mimi nizaliwe mtu huru, shangazi. Nataka aione kwangu haiumi tena."

Nilimpelekea mama maneno hayo kama yalivyo. Alikaa, akaendelea kuchambua mchele wake, na nilidhani hatajibu. Mwishowe akasema avae, aende nayo kaburini, haidhuru. "Lakini akirudi, aivue ubavuni mwa nyumba kabla hajaingia kwangu." Sikubishana naye. Nimepigilia msumari mpya pale ukutani, na kanga nitaitundika asubuhi.

Jambo la mwisho kwa wanaonunua wiki hii: sare zote, ziwe kanga au vitenge, zitoke robota moja. Chapa ileile ikiagizwa mara mbili hutofautiana rangi, na tofauti hiyo dukani huioni. Inaonekana mkishasimama mstari mmoja juani. Hesabu watu kwanza, ongeza doti mbili za dharura, ndipo ulipe.